Namna ya Kuusoma Mchezo wa Zamani wa Besiboli kwa Jedwali la Mikimbio

Kwa mkaazi wa Mombasa aliyezoea kandanda, na pengine kriketi kidogo katika uwanja wa Mombasa Sports Club, besiboli ya Marekani huonekana kuwa mchezo wa kungojangoja tu. Njia nyepesi ya kuuelewa ni kuchagua mchezo mmoja wa zamani uliokuwa wa kukabana koo, kisha kulisoma jedwali lake kabla ya kutazama filamu yake. Ninapendekeza mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali za World Series za mwaka 1960, uliochezwa tarehe 13 Oktoba katika uwanja wa Forbes Field mjini Pittsburgh, ambapo Pittsburgh Pirates waliwashinda New York Yankees 10 kwa 9.

Andika mistari miwili kwenye karatasi, wageni wakiwa juu kwa kuwa ndio wanaotangulia kupiga:

Yankees: 0 0 0 0 1 4 0 2 2
Pirates: 2 2 0 0 0 0 0 5 1

Kila tarakimu ni mikimbio ya kipindi kimoja kati ya vipindi tisa, na timu huendelea kupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe. Mkimbio huhesabiwa mchezaji anapopita vituo vitatu na kurejea pale alipopigia. Wapenzi wa kriketi wazingatie kwamba hapa mpigaji akiupiga mpira ndani ya mipaka hana hiari: hulitupa gongo na kukimbia.

Sasa ifunike mistari yote miwili kwa karatasi nyingine, uifunue safu moja baada ya nyingine kutoka kushoto, ukijumlisha kila mara. Zoezi hili hunoga likifanywa na wawili barazani, mmoja akifunua na mwenzake akitaja jumla kwa sauti. Pirates wanaongoza 4 kwa 0 mpaka kipindi cha tano. Cha sita kikiisha wako nyuma 5 kwa 4, hasa kwa pigo la Yogi Berra wa Yankees lililovuka ukuta na kuleta mikimbio mitatu kwa mkupuo. Na katikati ya cha nane wameachwa 7 kwa 4.

Hapo kwenye ile 5 ya Pirates ndipo pa kusimama, kwa sababu jedwali halisemi ilivyopatikana. Bill Virdon wa Pirates aliupiga mpira wa chini uliokuwa karibu kuwatoa wachezaji wawili kwa pamoja, lakini ukadunda vibaya na kumpiga kooni Tony Kubek, mlinzi wa Yankees. Tukio hilo liliandikwa kuwa pigo halali, si kosa la mlinzi, kwa hiyo hata safu ya makosa, ambayo jedwali kamili huwa nayo mwishoni, haitakuonyesha. Baadaye Roberto Clemente alifika kituo cha kwanza kwa sababu mrushaji wa Yankees, Jim Coates, hakufika kwa wakati kukilinda, na Hal Smith akaupeleka mpira nje ya ukuta: mikimbio mitatu zaidi, Pirates 9, Yankees 7. Kwa maoni yangu nusu kipindi hiki kinazidi hata lile pigo la mwisho linalosifiwa zaidi.

Katika kipindi cha tisa Yankees walisawazisha 9 kwa 9. Ile 1 ya mwisho ni ya Bill Mazeroski, mpigaji wa kwanza wa Pirates katika kipindi hicho, ambaye aliupiga mpira wa pili aliorushiwa na Ralph Terry ukavuka ukuta wa kushoto, saa tisa na dakika 36 alasiri. Mchezo ulikoma papo hapo, kwani mwenyeji akishapita mbele katika kipindi cha mwisho hakuna haja ya kuendelea.

Ukitaka kupima uelewa wako, jumlisha mikimbio ya michezo yote saba: Yankees 55, Pirates 27. Bingwa hupatikana kwa kushinda michezo minne, si kwa wingi wa mikimbio. Kisha itafute filamu ya mchezo huu, ambayo nakala yake ilipatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyokuwa ya mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa mmoja wa wamiliki wa Pirates, na uanze kuitazama kuanzia kipindi cha nane.