Magego ya mwisho huku Marekani: soma karatasi ya bei kabla hujakaa kwenye kiti

Mdogo wangu alipoanza kushika shavu kila akila, nilifanya kosa ambalo naona karibu kila mtu analifanya, nikapigia simu kliniki tatu nikauliza swali moja tu, kung'oa gego la mwisho ni bei gani? Wa kwanza wakasema dola 250. Wa pili dola 400. Wa tatu yule dada wa mapokezi akacheka kidogo akasema inategemea. Mimi nikamuona huyu wa tatu ndo mjanja mjanja, anaficha bei. Tukaenda kwa wale wa 250, dogo akapigwa picha, tukakaa kama nusu saa hivi, tukaletewa karatasi chini imeandikwa dola 2,400. Niliisoma mara tatu nikidhani wamechanganya na ya mtu mwingine. Kumbe yule dada wa "inategemea" ndo peke yake alikuwa anasema ukweli.

Sasa nimeshaielewa ile karatasi, nawaelekeza na nyie mliopo huku, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza.

Kwanza, bei ya kwenye simu usiishike. Ile 250 ni ya jino lililotoka zima, unapigwa ganzi, koleo linashika, linatikiswa linavutwa, umemaliza. Magego ya mwisho mengi hayako hivyo. Yanaota ukiwa na miaka 17 mpaka 25 hivi, wakati huo taya limeshajaa, nafasi hakuna, kwa hiyo moja linatoka nusu, lingine linalala kabisa linamsukuma mwenzake wa mbele kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Hapo unacholipia sio jino, ni kazi ya kulifikia: kuchana fizi, kukata mfupa, kulipasua vipande ndo litoke. Na hiyo kazi hakuna anayeijua mpaka picha ipigwe. Ndo maana bei ya kweli inakuja baada ya picha, sio kabla.

Huku kila kazi ya meno ina namba inayoanza na herufi D, zinatolewa na chama cha madaktari wa meno cha Marekani na ni zilezile uwe Texas uwe Maine. Ukizijua sita tu umeshaijua bei inakotoka. D7140 ni kung'oa kwa kawaida, jino limetoka. D7210 jino limetoka ila itabidi kukata mfupa au kulipasua. D7220 limefunikwa na fizi tu. D7230 sehemu yake imo ndani ya mfupa. D7240 limezama lote mfupani. Halafu D7241, limezama na lina matata ya ziada, mfano inabidi kulitenganisha na mshipa wa fahamu. Kila ukishuka ngazi hela inapanda. Pembeni ya hiyo D kutakuwa na namba ya jino lenyewe, magego ya mwisho ni 1 (juu kulia), 16 (juu kushoto), 17 (chini kushoto) na 32 (chini kulia), kulia ni kwako wewe sio kwa daktari anayekuangalia. Ukiona 18 au 31 kwenye karatasi uliza, hayo ni magego ya kabla ya ya mwisho.

Ya mdogo wangu ilikuwa hivi, nainakili kama ilivyo:

D0330, picha ya taya zima: 130
D7140, jino 1: 250
D7140, jino 16: 250
D7230, jino 17: 450
D7240, jino 32: 560
D9222: 280
D9223 mara 2: 480

Angalia vizuri. Ile 250 ya kwenye simu imo, hawakudanganya, ipo mara mbili tena. Ila iko kwa meno ya juu ambayo hata hayakuwa yanauma. Lililokuwa linauma ni 32, hilo peke yake 560.

Hizo mbili za mwisho ndo zilinichanganya kuliko zote. Ni usingizi. D9222 ni robo saa ya kwanza ya kulazwa usingizi mzito, D9223 ni kila robo saa inayofuata. Kama ni ule wa kusinzia kwa dawa ya kwenye mshipa wa damu, hauzami sana, namba zake ni D9239 na D9243, hesabu ni ileile ya robo saa. Kwa mdogo wangu usingizi ulikuwa dola 760, karibu theluthi moja ya bili yote. Na hakuna aliyetuuliza kama anautaka! Sindano ya ganzi kwa kawaida imo ndani ya bei ya kung'oa, hailipiwi peke yake. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: haya meno yanaweza kutolewa kwa ganzi tu? Kwa yaliyotoka au ya fizi tu mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwa lililozama mfupani wengi wanashauri ulale, na mimi sitakwambia ujikaze kiume hapo, kusikia mfupa unakatwa kichwani kwako mwenyewe sio mchezo. Dogo alivyoamka alikuwa anamuuliza nesi kwa Kiswahili kama gari la Tanga limeshaondoka, nesi anaitikia tu yes honey.

Sasa bima, hapa ndo watu wanalia. Bima ya meno huku haifanani na bima ya hospitali. Ya hospitali ina kikomo cha hela utakayotoa wewe, ya meno ina kikomo cha hela watakayotoa wao. Kwa mwaka kikomo hicho mara nyingi ni dola 1,000 mpaka 2,000, ukikifikia kinachobaki chote chako. Mdogo wangu bima yake ilisema inalipa asilimia 50 ya upasuaji, tukajua basi atalipa 1,200 hivi. Haya piga hesabu na mimi. 2,400, toa 50 ya didaktibo, ile hela ya mwanzo unayotoa wewe kabla bima haijaanza, inabaki 2,350. Nusu yake 1,175. Lakini kikomo chake kwa mwaka ni 1,000, na kwenye bima yake hata kusafishwa meno kunahesabiwa humo, alishatumia 200 mwezi wa tatu. Imebaki 800. Bima ikalipa 800, yeye 1,600. Yaani "tunalipa nusu" ikageuka theluthi moja, na hakuna aliyedanganya mahali popote.

Kwa hiyo ukipigia bima usiulize "mnalipa kung'oa?", wanasema ndiyo halafu mnaagana. Waulize hivi: kikomo changu kimebaki shilingi ngapi (samahani, dola ngapi), D7230 na D7240 mnaziweka kundi gani, la kawaida au la kazi kubwa, maana kundi moja unaweza kulipiwa asilimia 80 na lingine 50, usingizi mnaulipa au hapana, kuna miezi ya kungoja kabla sijaitumia, na huyu daktari wa upasuaji yumo kwenye orodha yenu ya madaktari mnaofanya nao kazi? Hilo la mwisho muhimu sana, daktari wako wa kawaida anaweza kuwa kwenye orodha ila yule anayekutuma kwake hayumo. Halafu iambie kliniki itume makadirio kwa bima kabla ya siku, zile namba zote, bima irudishe kwa maandishi italipa kiasi gani. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, kama hauna uvimbe wala homa ngoja.

Kuna ujanja wa Desemba na Januari, unatoa upande mmoja mwisho wa mwaka na mwingine mwanzo wa mwaka, unatumia vikomo viwili. Unafanya kazi, ila kama unalazwa usingizi utalipia ile robo saa ya kwanza mara mbili, na likizo kazini mara mbili, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Na hakikisha mwaka wa bima yako unaanza Januari kweli, kuna zinazoanza Julai.

Waulize pia watu wa bima ya hospitali. Najua inaonekana ajabu, ila baadhi yao wanalipia jino lililozama lote mfupani kwa sababu wanalihesabu kama upasuaji.

Wenye watoto kwenye Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hapa nisikilizeni. Chini ya miaka 21 meno yanalipiwa, ni sheria ya nchi nzima, matibabu yanayohitajika lazima yalipiwe. Akishafika 21 inategemea jimbo, kuna majimbo yanamlipia mtu mzima vizuri na kuna yanayolipa dharura tu. Kama kijana wako ana 20 na daktari ameandika kwamba magego yana shida, usisubiri amalize chuo. Nimeona familia imechelewa miezi miwili tu ikalipa yote mfukoni.

Kama hauna bima kabisa unayo haki moja ambayo wengi hatuijui. Tangu Januari 2022 kliniki inatakiwa ikupe makadirio kwa maandishi kama hauna bima au hutaki kuitumia, ukiomba wana siku tatu za kazi kukupa. Bili ikija imezidi yale makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kupeleka malalamiko serikalini ndani ya siku 120. Itunze hiyo karatasi. Alafu jaribu vyuo vya udaktari wa meno, miji mikubwa mingi inavyo, wanafunzi na madaktari wanaosomea upasuaji wanafanya kazi chini ya walimu wao, bei inashuka sana, kinachoumia ni muda, unaweza kukaa pale nusu siku. Njia nyingine ni vile vituo vya afya vya jamii vinavyopokea hela ya serikali kuu, wanalipisha kulingana na kipato, peleka stabu ya mshahara. Vingi havifanyi ya mfupani ila kung'oa kawaida na picha vinaweza, na picha ukishakuwa nayo unaenda nayo popote.

Picha hiyo ni haki yako kuipata nakala. Omba waitume kwa imeli siku hiyohiyo. Sisi tulivyotaka maoni ya daktari wa pili hatukulipa tena 130, tuliifungua kwenye simu akaivuta kwa vidole, akaonyesha lile jino 32 limelala kama mtu amepitiwa na usingizi kwenye kochi, na chini yake kivuli cha mfereji wa mshipa wa fahamu. Akasema hilo litoke, yale ya juu ni hiari. Na hapa madaktari wenyewe hawakubaliani, Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wao unasema gego la mwisho lisilo na ugonjwa liachwe, huku Marekani wengi wanapenda kutoa yote manne mapema mtu akiwa kijana na mfupa haujakomaa. Uamuzi wako, ila jua kwamba "manne kwa mpigo" ni ushauri, sio lazima. Dogo akaamua yote manne, hataki kurudi tena pale maisha yake yote.

Mambo madogo madogo. Kukimbilia imajensi ya hospitali na jino ni kupoteza hela, nyingi hazina daktari wa meno, utapewa dawa ya maumivu na antibiotiki na bili, jino unarudi nalo. Ila uvimbe ukishuka shingoni, au kupumua na kumeza kunakuwa shida, hapo nenda mbio usifikirie hela. Kadi za mkopo wa matibabu za "miezi 12 bila riba" uliza ukibakiza hata dola kumi inakuwaje, kuna zinazorudi kukata riba toka siku ya kwanza. Weka hesabu ya siku mbili tatu bila kazi, na ya mtu wa kukuendesha, ukilazwa usingizi hawakuachii uondoke na Uber peke yako. Na wale mnaosema nitang'oa Dar nikienda likizo, sawa, kama tiketi ulikuwa unakata hata hivyo, ila fanya wiki ya kwanza sio ya mwisho. Kidonda kikikauka, yaani lile donge la damu likatoka shimoni mfupa ukabaki wazi, maumivu yanaanza siku chache baada ya kung'oa, hutaki yakukute angani juu ya Sudan.

Ukishamaliza usitupe ile karatasi ya mwanzo. Bili ya mwisho ya mdogo wangu ilipokuja D9223 haikuwa mara 2, ilikuwa mara 4, yaani dola 480 zimeongezeka. Ningelipa tu kama nisingekuwa nimekaa pale mapokezi naangalia saa, walimchukua saa tatu na dakika kumi, saa nne kasoro tano wakaniita nikamshike mkono. Nikapiga simu nikaomba rekodi ya usingizi, ile inayoandika dakika umeanza na dakika umeisha. Dada aliyepokea simu akaniweka kwenye laini, muziki ukapiga weee, akarudi akasema wanatuma bili nyingine. Ilipokuja ilikuwa mara 2.