Kukaza ngozi ya uso kwa mawimbi ya redio: mwongozo kwa saluni za Malindi

Mteja anayetaka uso uwe umekaza kwa harusi ya mwezi ujao amechelewa. Joto analipata leo, lakini kolajeni mpya, yaani protini inayoikaza ngozi, huonekana baada ya miezi mitatu, na huendelea kujijenga hadi mwezi wa sita. Bi harusi mwenye siku yake baada ya Idi ahesabu kurudi nyuma miezi mitano hivi: vikao sita vya wiki kwa wiki, halafu muda wa ngozi kufanya kazi yake. Wiki ya singo mashine isimguse kabisa, kwa sababu ngozi iliyosuguliwa upya huungua kwa joto ambalo siku nyingine ingelibeba bila taabu.

Kwenye kichwa cha mashine, kile kinachopitishwa usoni, pana elektrodi, yaani vipande vya chuma vinavyopitisha umeme. Umeme unaopita ngozini huenda na kurudi takriban mara milioni moja kwa sekunde, yaani megahezi 1, masafa ya redio za mawimbi ya kati. Kasi hiyo ni kubwa mno kwa neva na misuli kuitikia, ndiyo maana mteja hapigwi shoti. Ngozi huukinza umeme huo, na ukinzani ndio unaozaa joto ndani ya ngozi kwenyewe. Mashine kali za kliniki hufikisha ndani nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi huku zikipoza ngozi ya juu. Kwenye joto hilo nyuzi za kolajeni hujikunja papo hapo. Thermage, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya kando ya macho, ni ya kundi hilo, na hutumia megahezi 6.78. Mashine za saluni hazifiki huko, wala hazifai kulazimishwa. Kazi yake ni kuweka joto la wastani kwa dakika kadhaa ili seli zinazofuma kolajeni ziamke. Ni kama wali wa nazi uliopaliwa makaa: moto mdogo, muda wa kutosha.

Ukubwa wa joto na muda wake ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi hukosea. Kupandisha nguvu ili kumaliza haraka huchoma ngozi ya juu kabla ya ya chini kupata haki yake. Kupita mara nyingi kwa nguvu ndogo hutoa matokeo mazuri zaidi na maumivu machache.

Je, ngozi nyeusi? Leza na taa za kuondoa nywele hufuata rangi ya ngozi, kwa hiyo mweusi huungua upesi. Mawimbi ya redio hayajali rangi, na hiyo ni faida kubwa kwa watu wa pwani. Ila ukimchoma mteja mweusi, hata kidogo, doa jeusi linaweza kubaki kwa miezi. Hatari ya kuungua ni ileile kwa wote, gharama yake ndiyo kubwa zaidi kwetu.

Jua mashine uliyonayo. Yenye elektrodi mbili au zaidi kwenye kichwa kimoja hupitisha umeme kati ya elektrodi hizo, na kina chake ni takriban nusu ya nafasi iliyo baina yake: zikiachana sentimita 1, joto hufika kama milimita 5. Hiyo inatosha usoni. Yenye elektrodi moja huhitaji bamba la kurudishia umeme, linalobandikwa mgongoni au pajani, na joto lake huzama zaidi. Bamba lile lazima ligande lote. Likibanduka nusu kwa jasho, na jasho la Malindi mwezi wa Februari mnalijua, umeme wote hupita kwenye nusu iliyobaki na kuchoma pale ambapo hakuna anayetazama. Aina ya tatu ina sindano ndogo zinazopeleka joto milimita 0.5 hadi 3.5 ndani. Hiyo si kazi ya saluni. Makovu, madoa, kupotea kwa mafuta ya shavu na kuumia kwa neva vyote vinawezekana, basi mpeleke mteja kwa daktari aliyesajiliwa.

Wa kukataliwa

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo haguswi, hata kama ni shavu tu. Mjamzito pia. Chuma kilichowekwa mwilini mahali panapotibiwa, saratani, kidonda au malengelenge ya mdomo yaliyo hai, ganzi ya ngozi inayotokana na kisukari: wote hao hapana. Mwenye ganzi hatakwambia anapoungua. Aliyechomwa sindano za kujaza mikunjo asubiri wiki nne. Anayemeza isotretinoini kwa chunusi azungumze kwanza na daktari wake.

Kuna kundi ambalo halitajitaja lenyewe: wanaojichubua. Krimu zenye steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba huungua kwa joto ambalo jirani yake hulisikia kama vuguvugu. Uliza faraghani, si mbele ya shoga zake, na utake kuona chupa. Usimwamuru aache ghafla, kwani uso unaweza kulipuka kwa wekundu na vipele. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi.

Halafu kuna asiyefaidika. Mpe kioo cha mkono, akae, ainamishe uso. Ngozi iliyolegea kidogo kwenye taya au chini ya kidevu itaitikia. Ngozi inayoning'inia baada ya kupungua kilo nyingi inahitaji upasuaji, na ni heshima kumwambia kabla hajatoa pesa.

Kikao chenyewe

Piga picha kwanza: mbele na pande mbili, mwanga uleule, ukuta uleule. Mabadiliko ni ya taratibu hata mwenye uso huyasahau.

Safisha uso mpaka usiwe na mafuta ya nazi, poda wala wanja, kisha kausha. Vua hereni, kipini na mkufu. Mwenye jino la chuma mwekee shashi yenye maji kati ya mdomo na ufizi. Gawa uso: paji, shavu la kulia, la kushoto, chini ya kidevu. Eneo moja lisizidi kiganja cha mkono. Ukichukua shavu na shingo kwa pamoja, upande mmoja utapoa ukiwa unapasha mwingine, na hutafikia joto hata ufanye saa nzima.

Paka jeli unene wa milimita 2 hadi 3. Anza nguvu ya chini, sogeza kichwa kwa miduara, elektrodi zote zikilala bapa. Ikiinuka moja, umeme wote hukusanyika kwenye sehemu ndogo iliyobaki na kuchoma. Usisimame mahali pamoja hata sekunde mbili. Panda kidogo kidogo ili ngozi ya juu ifike nyuzi 40 baada ya dakika tatu au nne, kisha ishikilie kati ya 40 na 42 kwa dakika 8 hadi 10. Ikigusa 43, punguza. Juu ya mfupa, yaani paji, mfupa wa shavu na ukingo wa taya, shusha nguvu kabla hujafika, kwa sababu hakuna nyama ya kusambaza joto. Usiingie ndani ya ukingo wa tundu la jicho, wala usipite katikati ya shingo ilipo tezi ya koo.

Kipimajoto cha mbali hudanganya kwa njia mbili. Kikielekezwa kwenye jeli, kinapima jeli, ambayo mara nyingi ni baridi kuliko ngozi. Futa mstari mwembamba kwa kidole ndipo upime. Na feni ikimpepea mteja usoni, ngozi ya juu hupoa na namba hushuka, nawe utaongeza nguvu huku chini kunaiva. Geuza feni ielekee miguuni.

Usimuulize "unaumia?" Mwanamke aliyelelewa kustahimili atajibu "a'a, niko sawa" huku vidole vya miguu vimekunjana. Mwambie hivi: "Mama, nipe namba, sifuri mpaka kumi." Tano au sita ndiyo unayoitaka, kama maji ya moto ya kuoga. Saba, punguza. Akisema kama amechomwa sindano, achilia kanyagio papo hapo, kisha uinue kichwa. Kuinua kichwa mashine ikiwa hai hutoa cheche. Usimpake krimu ya ganzi, maana mdomo wake ndio kipimo chako cha pili.

Ramadhani, mpangie aliyefunga baada ya futari. Ngozi yenye maji hupitisha umeme vizuri na kupata joto kwa usawa.

Ukimaliza, futa kwa maji ya kawaida, bila barafu. Wekundu wa saa chache na uvimbe mdogo ni kawaida. Mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, kisha kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi. Kwa ngozi nyeusi, kinga yenye rangi huzuia madoa vizuri zaidi. Kwa siku tatu asiende ufukweni mchana, asisugue uso, asijifukize udi uso ukiwa juu ya chetezo.

Kikiharibika

Malengelenge yakitokea, au doa jeupe linalouma, simamisha kikao. Maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si dawa ya meno, si asali. Usitoboe lengelenge. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, umwandikie kwenye karatasi ni mashine gani na nguvu kiasi gani.

Mteja akisema baada ya miezi mitatu hakuona kitu, tazama daftari lako kabla ya kuulaumu umri wake. Mara nyingi joto halikufika 40, au lilifika likashikiliwa dakika mbili tu. Shavu likionekana limebonyea, joto lilizama hadi kwenye mafuta: mwembamba wa uso hafai kupitiwa kwa kichwa chenye kina kirefu.

Umeme ukikatika katikati ya kikao, zima swichi ya mashine kwanza, ndipo uondoe kichwa. Ukirudi, anza nguvu ya chini na upime upya, kwani ngozi imeshapoa. Stabaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, si anasa hapa. Hewa ya chumvi nayo hutia kutu ya kijani kwenye viunganishi na kuchubua elektrodi. Elektrodi yenye mkwaruzo hutengeneza sehemu moja yenye moto kuliko nyingine. Baada ya kila mteja futa kichwa kwa spiriti, kikauke, ukihifadhi ndani ya boksi linalofunga pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kila Jumatatu kikague kwenye mwanga wa dirisha, na chenye mkwaruzo unaosikika kwa ukucha kibadilishwe.