Vifaa vya Fundi Umeme: Kupima, Kushika na Kujikinga

Fundi umeme anayeanza kazi kwa kawaida hununua bisibisi ya testa kwanza, kisha plaisi, kisha mita ya bei nafuu, na glavu huja mwisho, kama zitakuja. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio tofauti. Katika nyumba yenye umeme wa volti 230, swali la kwanza kabla ya kugusa chochote ni hili: umejuaje kwamba waya huu hauna umeme? Chombo kinachojibu swali hilo vibaya ni hatari kuliko kukosa chombo kabisa, kwa sababu humpa fundi ujasiri usio na msingi. Maelezo haya yanawahusu mafundi na wanafunzi wa ufundi. Mwenye nyumba atanufaika kwa kujua fundi wake anapaswa kuja na nini, lakini kazi yenyewe nchini Tanzania ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Tuanze na testa, kwa kuwa ipo mfukoni mwa karibu kila fundi. Ndani ya mpini wake mna taa ndogo ya neoni na rezista yenye ukinzani mkubwa. Unapogusa waya wa moto (unaoleta umeme) kwa ncha na kuweka kidole kwenye kichwa cha mpini, umeme hupita katika rezista, katika taa, kisha katika mwili wako hadi ardhini. Mkondo huo ni mdogo kiasi kwamba huusikii, lakini ukweli unabaki kwamba mwili wako umegeuzwa kuwa sehemu ya saketi, na udhaifu wa testa unatokana na jambo hilo hilo. Fundi aliyesimama juu ya ngazi kavu ya mbao, miguuni ana kandambili, anaweza kugusa waya wenye umeme na taa isiwake, au ikawaka kwa mwanga hafifu usioonekana juani. Vilevile taa inaweza kuwaka kwenye waya ambao haujaunganishwa popote, eti kwa kuwa tu umelala kando ya waya wenye umeme ndani ya paipu moja. Testa inaweza kukudokeza kwamba umeme upo. Isitumike kamwe kuthibitisha kwamba haupo.

Kazi hiyo ya kuthibitisha ni ya kipima volti chenye ncha mbili, kilichotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61243-3. Hakina swichi ya kuchagua unachopima, kwa hiyo huwezi kukiweka mahali pasipo pake, na ncha zake mbili hupima kati ya waya na waya bila kupitisha umeme mwilini mwako. Mafundi wengi hawana chombo hiki, na kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kununuliwa mwanzo kabisa, hata kama multimita, yaani mita ya kupima volti, ampea na ukinzani, itasubiri.

Multimita ina uwezo mpana zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ina njia nyingi zaidi za kumponza mtumiaji. Kabla ya kuilipia, igeuze na utafute alama ya CAT, yaani daraja lake la usalama. CAT II inafaa kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III kwa nyaya zilizojengewa ndani ya nyumba na kwa ubao wa breka. CAT IV kwa pale umeme unapoingilia, yaani kwenye mita na nyaya za nje. Tofauti kati ya madaraja haya ni uwezo wa kuhimili msukumo wa ghafla wa volti unaosababishwa na radi au na mitambo mikubwa inapozimwa. Msukumo huo ukikuta mita dhaifu, umeme huruka ndani yake na kusababisha mlipuko wa moto mkononi mwa mpimaji. Kwa kazi za nyumbani tafuta CAT III ya volti 600, na hakikisha nyaya za kupimia nazo zina alama hiyo, kwa kuwa mita nzuri yenye nyaya duni hubaki na udhaifu wa nyaya zake. Tazama pia tundu la ampea: ukisoma neno UNFUSED pembeni yake, tundu hilo halina fyuzi.

Kosa linaloharibu multimita nyingi ni la sekunde chache. Fundi amepima ampea, waya mwekundu ukabaki kwenye tundu la ampea, kisha akaenda kupima volti kwenye soketi. Tundu la ampea halina ukinzani wa maana, kwa hiyo kwa kuchomeka ncha hizo amekutanisha moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) moja kwa moja. Fanya desturi ya kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti mara tu umalizapo kupima ampea, kabla hujaiweka mita chini.

Soketi ya mashimo matatu hufundisha mengi ikipimwa kwa utaratibu. Weka mita kwenye volti za AC. Pima kati ya moto na nyutro: unatarajia volti zinazokaribia 230. Pima kati ya moto na ethi (waya wa ardhini): unatarajia kiasi hicho hicho. Pima kati ya nyutro na ethi: unatarajia sifuri au volti chache tu. Kipimo cha kwanza kikiwa sawa lakini cha pili kikashuka sana, huku cha tatu kisikaribie 230, waya wa ethi umekatika au haukuunganishwa kabisa, na pasi au jokofu litakalochomekwa hapo halina ulinzi. Kipimo cha tatu kikionyesha volti zinazokaribia 230, moto na nyutro vimebadilishana nafasi. Kifaa kitafanya kazi, lakini swichi ya soketi itakuwa inakata nyutro huku moto ukibaki ndani. Mtu anayepima moto na nyutro peke yake na kuondoka hatayaona makosa haya mawili.

Jambo moja huwachanganya wengi. Multimita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa sana wa ndani, mara nyingi wa megaomu 10, na kwa hiyo waya uliokatwa pande zote mbili unaweza kuonyesha volti 40 au 80 kwa sababu ya kuwa jirani na waya wenye umeme. Volti hizo hutoweka ukitumia kipima cha ncha mbili au mita yenye sehemu ya ukinzani mdogo iliyoandikwa LoZ. Hata hivyo, usizidharau volti hizo kabla ya kuzithibitisha kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwenye utaratibu wa kuzima umeme, ambao ndio ninaousisitiza kuliko kingine chochote humu. Zima breka ya saketi husika au meni swichi, kisha ifunge kwa kufuli la breka na utundike kadi inayoeleza kwamba kuna mtu kazini. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Chukua kipima chako ukijaribu mahali unapojua pana umeme, ukione kikisoma. Nenda kwenye sehemu ya kazi upime moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Kisha rudi ukijaribu tena pale palipo na umeme. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, ilhali ndiyo inayokuhakikishia kwamba kipima hakikufa katikati, betri haikuisha na waya wake haukukatika wakati kikikuonyesha sifuri.

Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) uliokwisha haukukingi. Yeyote mwenye tokeni anaweza kuiingiza wakati wewe umeshika waya, na umeme ukarudi bila taarifa. Vivyo hivyo umeme wa TANESCO ukikatika mtaani: laini inaweza kurudi dakika yoyote, na nyumba yenye jenereta au inveta ya sola inaweza kuwa na umeme wakati mtaa mzima uko gizani. Uliza kuhusu vyanzo hivyo kabla ya kufungua kifuniko cha kwanza.

Mita ya kubana hupima ampea bila kukata waya. Ibane kwenye waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima ya birika yenye moto na nyutro pamoja, mita itasoma sifuri hata birika likiwa linachemka, kwa kuwa mikondo miwili inayokwenda kinyume hufutana. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linapaswa kuvuta karibu ampea 8.7.

Mega ni mita ya kupima uimara wa ganda la nyaya. Multimita hutumia volti chache za betri na haiwezi kufichua ganda lililochoka. Mega husukuma volti 500 za DC, na saketi ya nyumba isipofikisha angalau megaomu 1 haifai kuwashwa. Zima umeme, chomoa vifaa vyote, toa balbu, unganisha moto na nyutro pamoja, kisha pima kati yao na ethi. Kwa njia hiyo kifaa cha kielektroniki kilichosahauliwa hakitapata volti hizo katikati ya nyaya zake. Baada ya kupima, subiri chaji iishe kabla ya kushika nyaya. Fimbo ya ethi nayo ina kipima chake chenye vijiti vya kuchomekwa ardhini, kwa kuwa multimita haiwezi kazi hiyo. Katika maeneo makavu kama Dodoma, pima wakati wa kiangazi, udongo ukiwa katika hali yake mbaya zaidi. Kitufe cha kujaribia kwenye swichi ya RCCB (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 huonyesha kwamba swichi inaruka. Hakisemi lolote kuhusu fimbo hiyo.

Kwa upande wa zana za mkono, mpini wa plastiki pekee si kinga, na plaisi iliyozungushiwa tepu nyeusi haijawa salama. Zana ya kweli ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na bisibisi yake imefunikwa ganda hadi karibu na ncha. Kumenyea waya tumia koleo la kumenyea lenye tundu la saizi ya waya, kama milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Kisu au meno huchanja shaba, na mahali palipochanjwa ndipo waya huvunjika baadaye. Kaza skrubu za soketi sawasawa, kisha vuta kila waya kidogo. Kiungo kilicholegea hupata moto na kuunguza soketi.

Glavu za umeme zina daraja: 00 ni ya volti 500, na 0 ni ya volti 1,000. Glavu za jikoni au za bustani hazimo katika hesabu hii. Kabla ya kuzivaa, kunja glavu kuanzia mdomoni ili hewa ibanwe kwenye vidole, ilete karibu na shavu, usikilize kama inavuja. Iliyovuja ikatwe ili mwingine asiitumie. Juu yake vaa glavu za ngozi zinazozuia kutobolewa. Vua pete na saa ya chuma, vaa miwani ya kazi unapofungua ubao wa breka, na tumia ngazi ya mbao au faibaglasi badala ya alumini. Buti ziwe kavu na zenye soli isiyo na misumari. Kazi ikiisha, kufuli la breka huondolewa na yule yule aliyelifunga, baada ya kuhesabu zana zake na kuwatoa watu wote kwenye sehemu ya kazi.