Mfundishe mtoto wa mbwa kugonga kengele anapobanwa

Funga kengele kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, ining'inie usawa wa pua yake. Chagua kubwa isiyoweza kumezwa. Njuga ndogo zenye mwanya hunasa kucha. Kila mnapotoka, hasa akiamka, akimaliza kula au kucheza, mwelekezee pua iguse kengele. Ikilia tu, fungua mlango hapohapo, mpeleke akiwa na kamba hadi sehemu ileile ya haja, usimame kimya dakika tatu hadi tano. Akijisaidia, mpe kipande cha ini palepale, kabla hamjarudi ndani. Mbwa huunganisha tendo na kinachofuata papo hapo. Ukichelewa kufungua, kengele inabaki kelele tu kwake.

Wengi huharibu hapa: mbwa anagonga, anatolewa, anaachiwa acheze. Ndani ya siku chache atagonga kutwa nzima kwa ajili ya matembezi. Asipojisaidia kwenye dakika hizo, rudini ndani bila mchezo, umwangalie kwa karibu. Na usipuuze mlio hata mmoja, hata usiku.

Akiogopa sauti, zibe kengele kwa kitambaa, kisha ulegeze kidogokidogo. Aliye chini ya wiki 12 bado hawezi kujizuia vizuri, kwa hiyo mtoe kwa ratiba bila kungoja mlio. Akigonga mara kwa mara na kutoa matone tu ya mkojo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo.