SOMO: Gamba lako ni la skalopi au si la skalopi?

Kila Januari watu wakirudi Nairobi kutoka Pwani, naletewa picha zilezile. Naandika mara hii moja. Skalopi ni mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, wa kundi moja na chaza. Mfano wetu ni Gloripallium pallium, skalopi mdogo wa miamba ya matumbawe.

1. Suuza kwa maji na mswaki mzee.

2. Tafuta masikio mawili, huku na huku ya bawaba, yaani pale magamba mawili yanapoungana. Hayapo na hayakuvunjika? Si skalopi.

3. Pitisha kidole kwenye mbavu. Za pallium zina vigamba vinavyokwaruza kama ulimi wa paka.

4. Kitana. Hapa ndipo nilipoharibu. Gamba la kulia lina pengo chini ya sikio, na ukingoni mwake kuna vijino vilivyojipanga kama kitana. Nyuzi ambazo mnyama hujifungia mwambani hupita hapo. Mimi kwa tamaa ya kung'arisha nilitumbukiza gamba kwenye siki, nikaenda kupika chai. Kurudi, povu tele. Gamba ni chokaa, siki huila: vijino vimekwisha, zambarau imekuwa chaki. USITUMIE SIKI. Wala ndimu. Wala "kidogo tu". Sogea dirishani, shika lenzi.

5. Andika kikaratasi: limetoka wapi, lini.

MASWALI

– Hii ni nini? (picha ina giza)
Hatua ya 4. Dirishani.

– Nimeloweka kwenye siki dakika mbili tu, kuna shida?
Umesoma?

– Langu lina masikio na miiba mirefu, ila halina kitana.
Huenda ni Spondylus, ndugu wa skalopi mwenye miiba. Yeye hujigandisha mwambani kwa gamba lenyewe, hahitaji nyuzi. Tazama bawaba: meno yake hushikana kama kifundo na tundu.

– Mwalimu, kwa nini kitana kiko upande mmoja?
Swali zuri! Skalopi hulalia gamba la kulia, kwa hiyo nyuzi hutokea huko chini. Vijino huzitenganisha zisijisokote. Akitaka kuhama huziachia, anapigapiga magamba na kuruka kwa msukumo wa maji. Na anaona: ukingo wa mwili wake una macho mengi, kila jicho na kioo cha kuakisi mwanga, cha fuwele za kemikali iitwayo guanini. Linnaeus, mwanasayansi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758 alimweka pallium wetu pamoja na chaza, akamwita Ostrea pallium. Pallium ni joho kwa Kilatini.

– Langu linanuka, matatu nzima ilinigeukia.
Nyama imebaki ndani. Loweka kwenye maji, badilisha kila siku. Na kama ulilitoa hifadhi ya bahari, Watamu au Malindi, ni marufuku, usinitumie picha.