Jinsi ya kuomba kuanzisha darasa la kisomo katika maktaba ya mkoa, Tanga

Darasa la kisomo, yaani la kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, likiwa ndani ya maktaba lina wenyewe wawili. Jengo, meza na saa za kufungua viko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wawezeshaji, usajili wa wanakisomo na takwimu zao ni kazi ya Halmashauri ya Jiji, kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima. Ukiandikia maktaba peke yake utaulizwa nani anakutambua, na ukiandikia Halmashauri peke yake utaulizwa una chumba gani. Kwa hiyo andika barua mbili, uzipeleke siku moja, kila moja ikiitaja ofisi ya pili kwenye nakala.

Kabla ya barua, tafuta watu. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Afisa Mtendaji wa Kata, iwe ni Makorora, Mabawa au Ngamiani Kati. Andikisha kati ya 15 na 25. Wakipungua 15, wachache wakikatika njiani darasa limekufa. Wakizidi 25, mwezeshaji mmoja hawezi kukagua daftari la kila mmoja. Tangazo lisiseme “wasiojua kusoma”, kwa sababu hakuna mtu mzima atakayesimama chini ya maneno hayo mbele ya majirani. Taja kazi yenyewe: kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu, kadi ya kliniki, daftari la mkopo wa kikundi.

Wapime faragha, mmoja mmoja, kwa kadi yenye jina lake, sentensi moja na hesabu ya chenji. Hapa Tanga kuna jambo la kuliangalia sana. Akina mama wengi wanaosema hawajui kusoma wamehitimu chuo cha Kurani na wanasoma msahafu vizuri kabisa. Mtu huyo anajua tayari kwamba alama hubeba sauti, na akitiwa kundi moja na asiyewahi kushika kalamu atachoka mapema na kuacha. Mweke kundi lake, umpe mazoezi ya kutosha ya kuandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa msahafu ameuzoea kutoka kulia. Mwenye zaidi ya miaka 40 mwulize pia kama anaona karibu. Wapo wanaohesabiwa wazito wa kuelewa, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea.

Barua ya maktaba iende kwa Mkutubi wa Mkoa. Ya Halmashauri iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, ikitaja kwamba inamhusu Afisa Elimu ya Watu Wazima. Zote zipitie kwa Mtendaji wa Kata, apige mhuri. Chini ya “Yah:” andika ombi kwa mstari mmoja, halafu eleza siku, saa, idadi ya watu, muda wa miezi mingapi, na nani analipia chaki na madaftari. Ambatisha orodha ya wanakisomo (jina, jinsia, umri, mtaa, kiwango), ratiba, na nakala za vyeti vya wawezeshaji. Orodha hiyo ni ya ofisi, isibandikwe ubaoni.

Kinachokwamisha zaidi ni saa. Mwombaji huomba jioni kwa sababu watu wanatoka kazini, lakini maktaba ikishafungwa anahitajika mtumishi wa kubaki, mlinzi na umeme, na hayo hayaamuliwi na mkutubi peke yake. Omba kwanza saa zilizo ndani ya muda wa kufungua, mathalani saa nane hadi saa kumi mchana, mara tatu kwa wiki. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wapangie kwa mwezi: giza wanakuwa baharini, mbalamwezi wako nyumbani. Ramadhani itajwe kwenye ratiba tangu mwanzo.

Barua ziache masijala, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya wiki mbili rudi nayo. Bila hiyo utaanza upya.

Ukikubaliwa, omba mambo manne yaandikwe: chumba kipi, nani anashika ufunguo, kabati la kuhifadhia vifaa, na kama kuna malipo. Kagua viti mapema. Vya chumba cha watoto ni vifupi, na mzee wa miaka 60 hawezi kuvikalia kwa muda wa saa mbili. Kwa watu 20 nunua madaftari 40, penseli 40, vifutio 10, vichongeo 5 na boksi 2 za chaki. Vitabu vya kisomo mwulize Afisa Elimu kabla ya kuchapa vyako. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huandaa vitabu vya aina hiyo.

Mahudhurio yaandikwe kila kipindi. Baada ya miezi mitatu wapime tena kwa kadi ileile ya mwanzo, upeleke matokeo ofisi zote mbili pamoja na ombi la kuongezewa muda, kabla kibali cha kwanza hakijaisha.