Somo: kitenzi KUPUMUA na matumizi yake

Wakuu, hiki kitenzi tunacho mdomoni kila siku ila kwenye maandishi tunakichanganya sana, twende taratibu.

Hatua ya 1. Anza na hewa. Kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa, hata aliyelala anapumua. Akikimbia anahema, akizidiwa mpaka mdomo wazi anatweta. Nasoma hadithi nzuri kabisa, mtu kafukuzwa na mbwa toka stendi halafu mwandishi anasema "alisimama akipumua", inaniuma kwa kweli maana tukio lote limepoa.

Hatua ya 2. Tafuta kilichombana. "Nimemaliza ada za watoto, sasa napumua." Hapo ni ahueni, na naipenda maana hii kuliko zote. Ila lazima kuwe na mzigo kabla, mtu asiye na shida akipata hela hajapumua, kafurahi tu.

Hatua ya 3. Nenda kauli ya kutendea, PUMULIA, hapa ndo kuna utajiri. Mwenye mafua anapumulia mdomo, mgonjwa mahututi anapumulia mashine, na kampuni iliyoko taabani nayo inapumulia mashine. Kwenye mpira, timu ya pili ikibaki pointi 1 nyuma inampumulia kinara kisogoni.

Hatua ya 4. Ndugu zake. Pumzi hukata, huisha, hushushwa. Kwenye pumzika kuwa makini, "babu amepumzika" wengi wataelewa msiba, na kocha "aliyepumzishwa" kafukuzwa kazi.

MASWALI

– Mkuu, kushusha pumzi na kupumua si kitu kimoja?
– Hapana. Kushusha pumzi unakuona kwa macho, mara moja tu, hofu ikipita. Kupumua kwa ahueni kunaweza kuchukua hata mwezi mzima.

– Huku Mombasa mtu akizimia tunasema "muacheni apumue", hiyo ni hatua gani?
– Ya 1, anahitaji hewa. Ila ukimwambia hivyo mama anayemhoji mwanawe tangu mlangoni, umehamia ya 2.

– "Anapumua kwa mashine" ni kosa?
– Sio kosa, ila kwa fumbo la kampuni au chama tumia pumulia, hiyo nyingine haina ladha.

– Fundi kaniambia nyumba yangu haipumui, alimaanisha nini?
– Hewa inaingia haina pa kutokea. Mwambie aweke matundu upande wa pili, juu karibu na dari, hewa ya moto hupanda.